Pombe ya Bibi Isiyoiva

Hata leo nikisikia harufu ya asali iliyoanza kuchacha, najiona kana kwamba napanda tena mteremko wa mlima Oldeani nyuma ya mama yangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulipanda lori kutoka Endabash hadi Karatu, kisha tukatembea kwenda kwa bibi, mama yake mama, aliyekuwa akitengeneza pombe ya asali. Mama alitembea polepole mno. Kila tukipita kona aliketi, akavua viatu, akakung'uta lile vumbi jekundu la mlima. Nilichoka kumsubiri. Tena sikuelewa tunafuata nini, maana mama hakuwahi kuonja pombe maishani mwake.

Kibuyu cha pombe cha Bibi kilikaa karibu na mafiga, kimefunikwa blanketi kuukuu kama mtoto mwenye homa. Katika nyumba ile ilikuwa mwiko kupaza sauti kabla pombe haijaiva. Bibi alisema kelele huiharibu. Hata jogoo alifukuzwa mlangoni. Mama alilala mchana kutwa. Mimi nilichoshwa na ukimya ule na ukungu, nikawakumbuka wenzangu wa kucheza nao.

Baba alikuja kutuchukua. Nyumbani kwetu sauti yake ilifika hadi kwa majirani wa ng'ambo ya korongo. Kwa Bibi aliketi kwenye kigoda, kofia mkononi, akanong'ona, "Mama, nimekuja kumchukua mwenzangu."

"Pole na safari, baba," Bibi akamjibu. "Pombe bado. Ikiiva tutaichuja, atarudi."

Akaondoka kimya kimya. Alikuja tena, akajibiwa vilevile. Mimi nilinuna, kwa kuwa kila alfajiri nilimwona Bibi akifunua blanketi na kuongeza asali na maji ya vuguvugu. Kwa mtindo huo, niliwaza, itaiva lini?

Asali ilipokwisha, Bibi aliichuja pombe. Nilirukaruka uani kwa furaha. Mama alifunga nguo zake kwenye kanga, akajilaza tena kidogo, kisha akainuka.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, ndipo nikaelewa kwamba pombe ile iliiva mapema sana, na Bibi alijua. Aliimaliza asali yake yote ili binti yake apate kulala siku nyingine moja mbali na sauti ya Baba.

Tuliposhuka, mama alitembea polepole kuliko tulivyopanda, nami nilikuwa mbele nikimhimiza.