Taa ya Mwadingusha

Juzi, kwenye simu ya dada, niliona mnara wa taa wa baharini, na harufu ya samaki wa moshi ikanirudia. Nilikuwa mdogo alasiri ile papa, baba yetu, alipotupeleka Mwadingusha kwa taksibisi, kabla ya kwenda kutafuta kazi Moanda, pwani.

“Papa, hii ndiyo bahari?”

“Ndiyo, mutoto yangu. Miye nitakuwa ngambo ile. Taa ya baraji, ule ukuta unazuia maji, ikiwaka, unipungie mukono.”

Mama akapangusa macho. Nilidhani ni moshi wa wakaushaji samaki. Taa ilipowaka nikapunga. Papa akacheka: “Ungoje kwanza niende.”

Sasa najua lile ni ziwa tu, ingawa maji yake, mto kwa mto, hufika Moanda kweli. Papa hakurudi, wala habari yake haikufika. Nikienda Mwadingusha, bado ninapunga.