Tangazo la Masikio

Juzi redioni walimleta mtaalamu akaeleza kwamba mitambo ya kutafutia mtandaoni inabadilika. Zamani ukiuliza kitu ulipewa orodha ya kurasa ukachague mwenyewe. Sasa, alisema, mtambo wenyewe utakujibu kama mtu, na ukitaka kununua utakununulia. Tena unazidi kumjua mteja, unajua anataka nini kabla hajasema. Mtangazaji akashangaa sana. Mimi nilikuwa napara samaki, nikaiambia redio kwamba hiyo si habari mpya. Wangu ulinijua zamani, na ulinijua vibaya.

Wakati huo nilikuwa nimeshaachika, nakaa na baba katika kijiji kilicho karibu na Konde. Asubuhi nilisomesha skuli ya msingi. Baba alikuwa mwalimu wa chuo: kila alasiri watoto wa kijiji walikuja barazani kwetu, wakakaa juu ya mkeka, akawasomesha Kurani kama alivyosomesha baba zao. Yeye wote walimwita Maalim. Mimi nilikuwa Mwalimu tu, wa mshahara, na kila mtu alijua nani mkubwa.

Kijiji chetu, kama vingi vya Pemba tangu vyama vingi virudi, kiligawika. Wako waliosusiana harusi, wako waliosusiana hata maziko, na ulipofika uchaguzi mtu alikuwa radhi kwenda Konde kununua kiberiti kuliko kununua kwa jirani wa chama kingine. Lakini watoto wa pande zote mbili walikaa mkeka mmoja kwa baba. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake, ingawa hakulisema.

Alasiri moja, kabla watoto hawajafika, baba aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa unalia kila ukisukumwa, na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hausikii.

"Ile simu yako," alisema, "wasema haikosi kitu."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi nitafutie kitu cha masikio. Lakini asijue mtu."

Nilikuwa najua. Kwa miaka mine nilikuwa namwona akiwatazama watoto midomo wanaposoma, na nilikuwa nimenyamaza kwa sababu yeye alinyamaza. Nikataka kumwambia twende hospitali akapimwe, lakini siri yenyewe haikusemeka. Nikinong'ona hasikii, nikisema kwa sauti kijiji kitasikia. Nikachukua daftari la mwanafunzi nikamwandikia.

Akasoma, akatikisa kichwa. "Hospitali kuna foleni, na foleni ya kwetu haina mtu asiyeulizwa anaumwa nini. Kurani husomeshwa kwa sikio, mwanangu. Siku wakijua kuwa Maalim hasikii, watawaondoa watoto wao, na mkeka huu utakunjwa. Mie ntakaa nitazame nini?"

Mwisho wa kijiji palikuwa pameshafunguliwa chuo kipya, chenye feni na ustadhi kijana mwenye sauti nzuri. Watoto walikuwa na pa kwenda.

Kesho yake skuli, saa ya mapumziko, nikakaa peke yangu nikaandika katika kile kisanduku cha kutafutia: dawa ya mzee asiyesikia. Nikaletewa mafuta ya habbasoda, nikaletewa vispika vya masikioni ambavyo vijana husikilizia muziki, na sijui kwa hesabu gani nikaletewa daktari wa ng'ombe. Mwenye duka wa Konde ukimuuliza kitu asichonacho hukwambia hana, akakuelekeza aliye nacho. Na kama aliye nacho ni mshindani wake, hukwambia hakipatikani Pemba nzima. Mtambo haujui kusema sina. Utakupa chochote, kisha utakuuliza kama umeridhika.

Nilitafuta siku tatu. Mwishowe nikampata muuzaji wa Dar es Salaam mwenye vifaa vidogo vya kutia sikioni, nikamhoji kama ninayemposea mwanangu. Fomu yake ilitaka jina la mtaa na namba ya nyumba. Nikaandika: Pemba, ukifika Konde uliza. Akanitumia ujumbe: nimuulize nani? Nikamjibu: yeyote. Akachukua muda kidogo, kisha akasema mzigo utakuja kwa meli mpaka Wete, na hapo utapakiwa gari ya abiria.

Mimi nikadhani nimemaliza. Sikujua kwamba simu ukishaiuliza kitu nayo haitakuacha.

Uani kwetu, nyuma ya nyumba, alasiri walikaa wanawake kushona kofia. Kofia za kushona kwa mkono zina kazi ya miezi, na mdomo haushoni, kwa hiyo mdomo ulikuwa na kazi yake. Siku hizo kazi ya mdomo ilikuwa mabaibui ya mtandaoni. Sikukuu ilikuwa inakaribia, kila mmoja keshasikia kuwa fulani kaagiza baibui Dubai bila ya kutoka kitandani, na simu yenye kioo kikubwa na bando ilikuwa yangu. Waliagiza wachache, na walioagiza waliletewa rangi nyingine, lakini kutazama walitazama wote.

Siku hiyo simu ilikuwa mikononi mwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na sauti ya kuitia ng'ombe. Akapitisha baibui jeusi, akapitisha la zambarau, likatokea sikio. Sikio kubwa la mzee, limejaa kioo kizima, na ndani yake kidude kama harage. Akalipitisha. Baada ya mabaibui mawili sikio likarudi. Mara ya tatu akaiweka simu mapajani.

"Hiki nini?" akauliza.

Walikuwa na mwenzao aliyewahi kukaa Unguja kwa mwanawe muuza simu, naye alijua mambo. "Simu haileti tangazo vivi hivi," alisema bila ya kuinua macho katika kofia yake. "Huleta kile alichokitafuta mwenyewe."

Sindano zote zikasimama. Kutoka pale uani ukumbi ulikuwa wazi mpaka barazani, na nilimwona baba kwa mgongo, ameinama kumtazama mtoto mdomo. Wanawake nao walikuwa wanatazama huko huko. Nikaona mkeka unakunjwa.

"Ni langu mie," nikasema. "Masikio yangu yamekuwa mazito."

Nilikuwa na udhu wa alasiri na nikasema uongo ule wazi wazi, mtoto wa mwalimu wa chuo. Sijautubia mpaka leo.

"Ndio maana," akasema jirani, na wenzake wote wakakumbuka siku waliyoniita nisiitike. Nilikuwa sikuitika kwa sababu walikuwa wanataka sukari, lakini hilo sikulisema.

Kuanzia hapo nikawa kiziwi. Habari ilitangulia mbele yangu kila niendako. Mwalimu mkuu aliniweka mbele kabisa kwenye vikao, mahali nilipokuwa nimepakimbia kwa miaka. Muuza mchicha wa Konde alinionyesha bei kwa vidole. Mzigo ulipofika, utingo wa gari alisimama juu ya bodi akanipigia ukelele wa "Mwalimu, masikio yako haya" hata kuku wakatawanyika, na mzigo wenyewe haukuandikwa chochote juu yake. Habari ilikuwa imefika Wete kabla ya meli.

Niliudhika, sikatai. Nina hasira za karibu, na mtu akinipigia kelele natamani kumpigia zaidi. Lakini uziwi una faida moja ambayo wasiokuwa viziwi hawaijui: watu husema mbele yako. Kwa siku kumi zile nilijua nani kagombana na mumewe, nani kaficha karafuu, na wananionaje mimi, ambalo ningependa nisilijue.

Siku moja kabla ya mzigo kufika, nilikuwa napepeta mchele uani, nimewapa mgongo, jirani akamwambia yule aliyekaa Unguja, kwa sauti yake ile ile ya kawaida:

"Masikini, keshamrithi babake."

"Babake afadhali," akajibu mwenzake. "Yeye tushamzoea. Wangu nimemwambia, ukisoma mbele ya Maalim upaze sauti, na ukikosea ujirudi mwenyewe."

"Wangu mie mkubwa nimemuweka karibu na wadogo. Mwenzake akikosea amguse bega, Maalim aone kwa macho."

"Na kule kwenye feni?"

"Kwenye feni wende nani? Nimpeleke mwanangu kwa mtu mwingine, Maalim yu hai?"

Ungo ulinisimama mkononi. Mmoja wa wanawake wale alikuwa wa chama hiki na mwenzake wa chama kile, na katika uchaguzi uliopita hawakuamkiana mwaka mzima. Kumbe lilikuwapo jambo moja ambalo kijiji kizima kilikubaliana, bila ya muafaka wala mpatanishi, na walilitekeleza kwa miaka mine bila hata mmoja kuropoka. Kijiji kilichoshindwa kuweka siri ya baibui la zambarau. Nikaendelea kupepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa, na machozi yananitoka, na sikuweza kuyafuta kwa kuwa kiziwi hana cha kumliza.

Kifaa kilimkaa baba vizuri, chini ya kofia hakikuonekana. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Kumbe mlango huu walia." Akaufungua na kuufunga mara nyingi. Akasikiliza makubadhi yake sakafuni, akasikiliza chai ikimiminwa. Alasiri akatoka kusomesha, na baada ya muda mfupi nikamwona anaingia ndani ameshika sikio.

"Mbona watoto hawa wapiga kelele hivi?" akaniuliza. "Nani kawafunza?"

Nikasema watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Akawaamrisha wapunguze sauti. Walitazamana, wakapunguza kidogo, kisha wakairudisha. Amri ya mama zao ilikuwa kongwe kuliko yake.

Siku ya pili ndipo jirani aliponipigia ukelele wa kunisabahi kutoka ukutani, na baba alikuwa karibu. Alisubiri mpaka ameondoka.

"Na wewe, kwa nini wakupigia kelele?"

Sikuweza kumdanganya na kifaa kimo sikioni. Nikamweleza tangazo, na sikio lililorudi mara tatu, na nilivyosema ni langu. Niliyoyasikia nikipepeta mchele sikumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwa miaka hakuwa amelifanya, kisha akaenda kutawadha.

Siku ya tatu wanawake walikuwa uani na kofia zao, watoto ndio kwanza wanatandika mkeka barazani, nikasikia kikohozi mlangoni. Baba alikuwa na desturi ya kukohoa kabla ya kuingia walipo wanawake, wajifunike. Wakajifunika. Akaingia kichwa wazi, kofia ameishika mkononi, na kile kidude kama harage kinaonekana sikioni mwake.

"Mabibi," alisema, "binti yangu huyu asikia kuliko paka. Msimpigie kelele tena. Mwenye masikio mabovu ni mie, na mwaka wa mine huu. Nimekuficheni, na nakuombeni radhi. Sasa nasikia kwa hiki, lakini mwenye kutaka kumwondoa mwanawe amwondoe, sitamlaumu."

Kisha wanawake wale, Mungu awape wanalolitaka, wakashtuka. Walishtuka mmoja mmoja, kwa zamu, kama waliopanga. Mmoja akaangusha sindano. Aliyekaa Unguja akasema "Subhanallah" taratibu, vizuri kabisa. Jirani yetu ndiye aliyezidisha: alijipiga kifua, akauliza toka lini, akaambiwa tena mwaka wa mine, akasema yeye hakudhani hata siku moja, hata kidogo, na wanawe hawakupata kumwambia kitu kama hicho. Nilimkanyaga mguu kwa siri.

Akanyamaza, akajifuta uso kwa kanga. "Tuwaondoe tuwapeleke wapi, Maalim?" alisema, safari hii kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo.

Baba akavaa kofia, akawashukuru, akaingia ndani. Nikamfuata. Alikaa juu ya kitanda chake, amenyooka, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho sikukitarajia. Alikuwa anajivuna.

"Umewaona walivyoshtuka?" aliniuliza. "Miaka mine, mwanangu, na hapana aliyejua."

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hapana aliyejua."

Nje watoto walikuwa wameshaanza kusoma, kwa sauti ya kupasua koo, kama walivyofunzwa na mama zao.