Opareta na Swali la Thelathini na Moja

Mke wangu huitwa Opareta. Mtaani wanamwita hivyo, dukani wanamwita hivyo, na hata mimi niliyemuoa hulisahau jina lake mpaka tuwe na fomu ya kujaza. Kwa miaka ishirini na mbili ameketi kwenye kichumba kando ya mapokezi ya hospitali akiunganisha simu. Mimi ni fundi wa vioo. Kioo kikivunjika unakiona kimevunjika, hakihitaji maelezo. Ndiyo maana mambo ya mwaka ule yalinishinda tangu siku ya kwanza.

Uongozi wa hospitali uliamua simu zote zipite kwenye mtandao wa kompyuta. Atakayebaki kwenye meza ya simu, wakasema, lazima awe na cheti cha msingi cha mitandao. Asiye nacho atahamishiwa stoo ya mashuka. Mtihani unafanywa mara mbili tu. Ukianguka zote mbili, karibu kwenye mashuka. Mke wangu alikuja karakanani na jalada la masomo, nene kama tofali, akaliweka juu ya meza yangu ya kukatia vioo.

"Mzee, utakuwa unaniuliza maswali," akasema.

Mimi niliishia darasa la saba. Nikaitikia hivyo hivyo.

Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunasoma. Jalada lilieleza kwamba ujumbe hukatwakatwa vipande vinavyoitwa pakiti, na kwamba ruta ni mashine inayopokea pakiti na kuisukuma kuelekea inakokwenda. Ruta yenyewe imechorwa kama kopo lenye mishale minne. Katikati ya ukurasa kulikuwa na wingu, na nyaya zote zinaingia ndani ya wingu na kutokea upande wa pili. Nikauliza ndani ya wingu mna nini. Mke wangu akasema mwalimu wa kozi yao hospitalini amesema hatuhitaji kujua. Nikamwambia basi hata mwalimu hajui, na nikakatazwa kuongea mpaka ukurasa wa arobaini.

Kwenye namba ndipo maji yalipozidi unga. Kila kompyuta ina anwani ya namba nne, na kila namba inabidi uigeuze iwe moja na sifuri tupu. Nilichukua misumari minane midogo ya fremu, nikaipanga juu ya kioo: uliosimama wima ni moja, uliolazwa ni sifuri. Tulipata mia moja tisini na mbili tukafurahi. Tukarudia, tukapata mia mbili na nane. Mara ya tatu nilipiga chafya, anwani nzima ikaanguka chini ya meza. Mke wangu alicheka, kisha nikaona macho yake yamejaa maji. Aliniambia anaogopa. Mashuka hayaongei, alisema, na yeye hajui kazi nyingine isipokuwa kuongea na watu. Nilimwonea huruma sana, na nilijiona nina faida ndogo kuliko ile misumari.

Mwalimu wao alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye kuongea mbio, ambaye ndiye pia aliyekuwa akifunga mitambo mipya hospitalini. Siku moja aliingia kwenye kile kichumba akakuta daftari la mke wangu. Daftari lile nalijua, nimelivisha gamba jipya mara tatu. Ndani yake mke wangu hakuandika madaktari wako wapi, kwa sababu madaktari hawatulii. Aliandika nani wa kuulizwa. Daktari wa mifupa, muulize mlinzi wa lango la nyuma. Muuguzi mkuu, muulize mama wa jikoni. Yule dada alisoma kurasa mbili amesimama, akasema kwamba hili ndilo jedwali la ruta. Ruta haijui njia nzima. Inajua tu jirani wa kumkabidhi, na huyo jirani naye anamjua wa kwake.

Mke wangu alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Alitaka kujua kama ndivyo, kwa nini wamempa jalada zito la kumfundisha kazi anayoifanya tangu binti yetu hajazaliwa. Lakini kuanzia siku hiyo alianza kuyapatia maswali, moja hapa na moja pale, na misumari nikairudisha kwenye kopo lake.

Alikwenda kwenye mtihani. Ulikuwa na maswali sitini, na kufaulu ni arobaini. Alipata thelathini na tisa.

Mwalimu alimpitisha kwenye karatasi yake. Makosa mengine yote mke wangu aliyakubali, maana alikuwa amebahatisha na wala hakumbuki alibahatisha nini. La thelathini na moja alilikataa katakata. Alinisomea pale karakanani, mimi nikiwa na kikatio mkononi: pakiti imefika kwenye ruta, anwani yake haimo kwenye jedwali, na hakuna njia ya jumla, yaani ile ya kupelekea kila kisichojulikana. Ruta itafanya nini? Mke wangu alijibu kwamba itaziuliza ruta jirani.

"Si ndivyo?" nikasema. "Kuuliza si ujinga."

"Jibu lao ni itaitupa."

"Inaitupa wapi?"

"Hakuna wapi. Inaitupa tu."

Hapo nilikasirika, na ngoja niseme kwa nini. Miaka ishirini na moja iliyopita mama yangu alizidiwa ghafla, wakampakia kwenye gari, na mimi nilikuwa mbali kikazi. Nilipiga simu hospitali nikiwa sina jina la wodi wala la daktari. Nilikuwa na jina la mama tu, na nilipolitaja sauti ilinikatika. Opareta aliniuliza amevaa nini. Nikasema labda gauni la bluu, ana kovu kwenye kidevu. Akasema nisikate. Akapiga wodi moja baada ya nyingine, nikimsikia akiuliza, mpaka mtu akasema yupo, kitanda cha karibu na dirisha. Niliongea na mama yangu dakika nne. Kesho yake alifariki. Baada ya msiba nilikwenda hospitali kumtafuta mwenye sauti ile nimshukuru, na hadi leo bado namshukuru, kwa kumpikia chai.

Sasa nani aniambie mimi kwamba asiyejulikana anatupwa.

Nafasi ya pili ilikuwa baada ya wiki sita. Tulirudi kwenye jalada, na safari hii nilijikaza, nikawa nauliza kama mwalimu mkali. Alijibu vizuri mengi ambayo mimi sikuyaelewa. Lakini kila nikifika kwenye lile swali alikuwa anatazama vioo vilivyoegemezwa ukutani, halafu anasema jibu la kwake. Nilimsihi aandike wanachotaka. Ni rahisi kusema. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Siku ya mtihani alikuja karakanani mchana, akaketi juu ya kreti la vioo bila kuvua mkoba.

"Nimefaulu," akasema. "Arobaini na tatu."

Nikamshika mikono.

"Nimeandika wanaitupa," akasema.

Kwa arobaini na tatu angeweza kuliacha lile swali na bado akapita, lakini hakujua. Sikumwambia. Tuliketi hapo mpaka mteja wa dirisha la bafuni alipokuja kudai kioo chake.

Wiki ya kuhamia mitambo mipya, mke wangu alimuuliza yule dada kama njia ya jumla wameiweka. Dada akajibu bado. Mtu akipiga namba ya ndani isiyokuwepo, simu inakatika yenyewe.

"Iweke, mwanangu," mke wangu akamwambia. "Iishie mezani kwangu."

Dada alimweleza kwamba atasumbuliwa, watu hukosea namba siku nzima. Mke wangu akasema anajua.

Hayo alinisimulia yeye, na mimi nilitaka kuona kwa macho yangu, kama nionavyo kioo. Jumatatu nikiwa karakanani nilipiga namba ya hospitali, na mwisho wake nikaongeza tarakimu tatu za kubuni, wodi isiyokuwepo. Kukawa kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu. Halafu ikaita.

"Hospitali, opareta hapa. Unamtafuta nani?"

Maneno yale yale ya siku ile ya mama. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma.

"Usikate," akasema. "Nambie unachokijua, tutampata."