Siku Niliyotabiri kwa Kiingereza

Haya, chekeni mmalize kwanza, maana mke wangu akiisimulia hii huanzia pale pikapu inapoelea, na mimi nataka kuanzia nilipokuwa bado mtu mwenye heshima zake.

Miaka ya tisini hiyo, nafanya kazi benki Nizwa, huku Uarabuni, nikaenda mji wa Ibra na ami yangu kumposa Salma, ambaye nilimtaka mpaka usingizi umenihama. Baba yake, Mzee Nassor, karani wa zamani, mtu wa Unguja mjini, aliniona na kasoro moja tu: sisi kwetu Tabora, na Kiswahili chetu (aliyasema haya huku akinikaribisha halwa) kina vumbi. Basi nikaamua nitamkomesha kwa Kiingereza.

"Sisi skuli tulifundishwa 'prognosticate'," akasema. "Nyinyi wa siku hizi mnalijua?"

Nalijua! Nikamwambia ni neno la kizamani, kutabiri jambo kwa kutazama dalili zake, na leo watu hulitumia kwa mbwembwe tu. Akaitikia kwa kichwa, uso umekunjuka.

"Na matumizi yake?"

Mwenye akili angetoa mfano wa kitabuni. Lakini Mzee alikuwa ameshayaona mawingu milimani, kasimama aende kuitoa pikapu yake mpya ndani ya wadi, lile bonde kavu mbele ya nyumba, na mimi nikamzuia kwa mkono, nikayakagua mawingu kama daktari, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mimi na-prognosticate hakuna mvua leo. (Kwa Kiswahili nisingethubutu kusema hata kesho Jumanne bila inshallah. Kiingereza kile sikuona pa kuiweka.)

Mzee akakaa. Alifurahi, wallahi, akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Ami yangu, anayenijua, akaomba udhuru akaenda kuhamisha gari lake.

Na Ibra haikunyesha hata tone, hilo naomba likumbukwe. Ilinyesha milimani, na maji yakateremka. Tukasikia mngurumo, tukatoka mbio, tukaikuta pikapu inaondoka taratibu, bila dereva, kuelekea mitende ya jirani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Maana umeipata," Mzee akasema, macho kwenye maji. "Matumizi ndiyo yamekushinda. Nenda, mwanangu, tutakuita."

Hawakuita mpaka msimu wa tende uliofuata. Muda wote huo nikajiapiza sitabiri tena, hata nikiulizwa kama wali umeiva najibu Mungu ndiye ajuaye, nikawa naudhi watu. Siku ya kuitwa, nikamwamkia Mzee shikamoo, akaitikia, kisha akauliza moja tu.

"Utamtunza binti yangu?"

"Nitam..." Ami akanikanyaga mguu. "Inshallah, mzee."

"Kwa Kiswahili tu, au na kwa Kiingereza?"

"Kwa lugha zote, mzee."