Wavu Uliookoka

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mzee wa kanisa na ana tanuri la kuyeyusha vyuma kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Mtu akiwa na kazi hizo mbili kwa pamoja, huanza kuamini kwamba moto husafisha kila kitu.

Mimi na dada tunakaanga mandazi Soweto East, Kibera. Mguu wake mmoja haukunjiki vizuri, kwa hiyo yeye hukaa kwenye stuli karibu na jiko akigeuza, nami nasukuma unga. Karai la mafuta lilikalia wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliotoka kwenye oveni kuukuu ya mikate. Miaka yote ile ya moto haikuufanya kitu, ila ulijipinda kidogo katikati.

Kujipinda huko kulimkera shemeji kama dhambi.

"Shem, hii kitu imechoka. Nipatie niipitishe kwa moto, itazaliwa upya."

"Si uigonge tu na nyundo?"

"Kugonga ni kuficha. Kuyeyusha ndio kuokoka."

Nani abishane na mzee wa kanisa? Akaukatakata, akauzika kwenye makaa, na ulipoyeyuka akaumwaga kwenye kalibu ya mchanga yenye umbo la wavu. Ulirudi umenyooka, mnene, unapendeza. Sumaku, ambayo zamani haikuushika kabisa, sasa iliung'ang'ania. Shemeji akasema hiyo ni ishara.

Ilikuwa ishara kweli. Kromi, ile inayozuia kutu na kuvumilia joto, nyingi ilikuwa imeungua ikatupwa pamoja na uchafu ulioelea juu. Makaa nayo yaliujaza kaboni, ukawa mgumu lakini wa kuvunjika kama biskuti. Baada ya siku chache ukaanza kubanduka magamba mekundu.

"Ni uchafu wa zamani unatoka," shemeji akanieleza, kwa upole wa kichungaji.

Asubuhi moja nilisikia mlio mkali. Wavu ulikatika vipande viwili, karai likalala upande, mafuta yote yakamwagikia stuli ya dada. Nilipiga yowe nikijua nimempoteza. Kumbe alikuwa ameinuka kumpelekea mteja mandazi.

Shemeji, ambaye alikuwa hajaondoka kwenda kazini, alikuja mbio, akainua vipande kwa koleo, akavikagua.

"Hakuna shida. Tunaiyeyusha tena. Labda moto haukutosha."

Dada alimtazama kwanza yeye, kisha stuli iliyokuwa bado inafuka moshi.

"Na mimi, mzee, ningechomeka hapo, ungenimwaga kwa kalibu gani?"