Sauti Ifike Kipese Bila Wewe

Nakumbuka asubuhi moja ambayo mji wote wa Butembo, huku kwetu Kongo, ulinyamaza, mwanangu, ikabaki sauti moja tu sikioni mwangu: ya yule mama wa mtandao anayekuambia kwa Kifaransa chenye heshima zote kwamba namba unayoitafuta haipatikani. Nilimpigia Muhindo, dereva wa pikipiki, mara nyingi hata kidole gumba kikaota sugu. Yule mama akanijibu kila mara, hakuchoka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana habari ikianzia katikati haieleweki.

Nilikuwa kijana wakati huo, kijana wa kuchelewa. Ndevu zilishaota, na diploma ya shule ya jioni ndiyo kwanza nimeipata, nikiwa mkubwa kuliko mwalimu wa hesabu. Muziki nilijifanyia mwenyewe, bila meneja, bila tajiri wa kunishika mkono. Baba yangu alilima viazi kule Kipese, juu kwenye baridi. Gitaa alilipenda, ila alichoka kuulizwa na majirani mwanawe anafanya kazi gani. Siku nilipokwenda kumuaga nishuke Butembo alikuwa shambani ameinama, na maneno yake aliyasema hivyo hivyo, bila kunyoosha mgongo, kwa Kiswahili chetu cha huku kinachoita watu batu na viazi biazi.

"Kambale, bitenge bya bafanyabiashara ba Butembo binafikaka huku, na benyewe hapana kuja. Mbegu ya biazi nimeshatia mu udongo. Siku ya kuvuna, kama sauti yako haijafika hapa Kipese bila weye, guitare unaiacha, unarudi kulima."

Nikamwambia hakuna shida, papa. Wanaosema hakuna shida, mwanangu, ndio wanaoilea.

Sasa kosa langu. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikalishika lile neno kama cheti cha ubatizo. Nikajifungia chumbani na wimbo wangu, wimbo wa furaha, unaosema leo tutacheza mpaka viatu viombe msamaha. Sikumsalimia mtu, sikumsikilizisha mtu. Nilitaka siku moja tu, radi moja. Muhindo atoke Kasindi alfajiri na spika nyuma ya pikipiki, spika kubwa ambayo nadhani ng'ombe wa Uganda waliisikia wakiwa bado ng'ambo ya mpaka, aingie Beni, azunguke mtaa wa Bungulu wote, na mimi huku Butembo nizunguke na yangu. Wimbo ulikuwa ndani ya simu yake. Na ili mtu asimpigie akaukata katikati ya kiitikio, mimi mwenyewe, kwa akili yangu yote ya shule ya jioni, nilimwagiza azime mtandao.

Asubuhi ile redio ikatangaza kwamba watu wameuawa mashambani upande wa Beni. Ikatangazwa ville morte, siku ya mji kufa: maduka yamefungwa, pikipiki zimelala, kila mtu abaki kwake na uchungu wake. Mimi nikashusha spika yangu nikaifunika kwa blanketi kama mgonjwa. Lakini Muhindo alikuwa tayari njiani, hana redio, hana mtandao, na ndani ya ile spika mna viatu vinavyotaka kuomba msamaha.

Niliogopa vitu viwili, mwanangu, na sijui hata leo kipi kilitangulia. Niliogopa watampiga mawe. Na niliogopa kwamba yule aliyefiwa asubuhi ileile atasikia sauti yangu ikimwambia acheze.

Simu ikalia. Alikuwa tante Masika, dada mdogo wa baba, mwenye duka la vitenge Bungulu.

"Kambale. Ni weye unatumia batu muziki ya kucheza, siku batu beko banalia?"

"Tante, sikujua, mais..."

"Acha mais yako, acha lakini yako. Spika nimezima miye mwenyewe, nilisimama katikati ya barabara na mufagio. Muhindo iko hapa kwangu anakunywa chai. Kikombe kinamushinda kushika."

"Batu balimupiga?"

"Hapana. Jirani yangu, mwenye kaka yake amekufa, alitoka ku mulango. Akamuangalia tu, akarudi ndani. Heri bangemupiga."

Nikajitetea, kwa sababu mtu anayezama hushika hata upepo. Nikasema wimbo wenyewe ni mzuri, siku ndiyo ilikuwa mbaya, na kizuri kinajiuza.

Tante akacheka, kicheko cha mtu asiye na furaha. "Kinajiuza? Kitenge yangu ni kizuri kuliko muziki yako, na kila asubui ninafungua mulango, ninasalimia hata mwenye hapana nunua. Tena huyo ndiye ninamuuliza habari ya batoto. Donc, basi, nikiona macho yake ninajua kama leo ni siku ya kutandika bitenge bya arusi ao bya kilio. Weye unakuja kwetu siku ya kuuzisha tu. Kama ungekuwa unatusalimia, ungejua Bungulu imelala namna gani."

"Sasa nifanye nini, tante?"

"Kesho hapana uza kitu. Salimia."

Nilitamani kuhamia msituni. Lakini kesho yake nikashika gitaa, nikapiga taratibu, nikarekodi maneno machache: watu wa Bungulu, mumeamuka namna gani, poleni, Kambale iko pamoja na ninyi. Wimbo sikuweka. Nikamtumia tante, nikamtumia Muhindo, nikampelekea na kijana wa kibandani anayejaza nyimbo kwenye kadi za simu. Siku iliyofuata nikawasalimia madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao Kasindi. Kisha wakulima wa Kipese, waliotangulia jua shambani, kwa Kinande chetu: wavukire, mumeamuka salama?

Unajua desturi yetu ya mabanga, mwanangu, kutaja jina la tajiri katikati ya wimbo ili mfuko wake ufunguke. Mimi nikawarushia mabanga wasio na kitu cha kunipa. Na mtu akisikia mahali pake pametajwa, anamtumia shemeji yake, shemeji anamtumia jirani.

Ndivyo nilivyokuwa nataka iwe. Mwanzoni haikuwa. Siku nyingi alinijibu tante peke yake, na alinijibu kwa kunisahihisha. Nilikaa nikiitazama simu kama mtu anayengoja majibu ya maabara. Hata hivyo nikashika mwendo. Kabla ya chai, redio kwanza, nijue mji umeamkaje. Kisha salamu. Kama siku ni ya amani, baada ya salamu kipande kifupi cha wimbo, si wote, mtu abaki na hamu. Mchana nakwenda kibandani na kwenye kituo cha pikipiki, nauliza ni sehemu gani watu wanaimba bila kujua kwamba wanaimba. Jioni, kwa kila aliyenibebea sauti, wasingya, asante. Halafu naiweka simu chini, maana mwisho wa kazi nao ni kazi.

Huku moyoni nilikuwa nahesabu majani ya viazi. Aliyeshuka kutoka Kipese akasema yametoa maua. Mwingine akasema yameanza kugeuka njano. Kila habari ya shamba ilikuwa msumari. Kipese hakuna aliyenijibu hata mara moja. Basi asubuhi moja nikachoka. Nikafunika gitaa, nikageukia ukutani, sikumsalimia mtu. Nikasema moyoni, hata nisipoamka, nani atajua?

Siku iliyofuata, kabla redio haijaanza, simu ikalia. Namba siijui. Huku kwetu namba usiyoijua, mapema hivyo, mtu anaipokea akiwa amesimama.

"Kambale, uko muzima?"

Alikuwa baba. Baba hakuwa na simu.

"Niko muzima, papa. Kuna nini?"

"Jana hukutusalimia."

Nikalifunua gitaa kwa mkono mmoja.

"Tulikaa ku barabara kungojea Kasereka, huyu wa chukudu mwenye anashushaka biazi byetu. Anapitaka na telefone ku shingo, sauti yako iko ndani. Jana alipita, sauti hapana. Mama yako hakukula. Tulisema labda bauaji bamekukamata mu njia."

"Papa, kumbe munanisikiaka?"

"Tangu biazi bilitoa maua. Mama yako anakujibiaka kila asubui, ni weye tu hausikie."

Nilikaa kitandani. Nyuma yake nilisikia upepo wa Kipese, na Kasereka anagonga mbao za chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia, ana haraka ya kurudishiwa simu yake.

"Na biazi, papa?"

"Tumeanza kuvuna." Akakohoa. "Gunia moja Kasereka atakuletea. Weye usikuje. Salimia tu."

Mwanangu unayetoa wimbo Ijumaa, ukakaa Jumamosi unatazama simu na Jumapili unawatukana watu kwamba hawapendi muziki, nasaha yangu ndiyo hiyo, nikuambie wazi. Usiitafute radi ya siku moja. Bandu bandu huisha gogo. Fungua mlango wako kila asubuhi kama mwenye duka, hata rafu zikiwa tupu. Sikiliza kwanza mji umeamkaje, ndipo ufungue mdomo, na ukiona mji unalia, lia nao, wimbo utangoja, hauozi. Msalimie asiyenunua. Mshukuru anayekubebea sauti, awe wa pikipiki, awe wa chukudu. Kipimo chako kisiwe wangapi wamesikia leo. Jiulize: nikinyamaza kesho, kuna mtu atakayesimama barabarani akiuliza niko wapi? Akiwepo mmoja tu, kazi unayo. Na hofu haitaisha, nisikudanganye, mimi mpaka leo kila asubuhi naogopa kidogo kabla ya kutuma. Tuma hivyo hivyo, na hofu yako.

Mungu akuamshe salama, mwanangu, akupe pumzi ya kusalimia na masikio ya kusikia. Siku barabara zitakapofungwa, sauti yako ipate njia, na nyumbani kwenu chakula kisibaki kwenye sahani kwa kukungojea.