Maji ya Nsimire

Mimi sikumaliza hata masomo ya primeri, lakini nyumba yangu ya orofa, etaji mbili, kule mutaa wa Muhumba kila mutu anaijua. Juzi nilikuta jardinier wangu, mutu wa bustani, anamwagilia sana mumea mumoja wa kivulini, wenye majani yake haikauke mwaka muzima. Nikamwambia: "Acha, muzee. Maji mingi inauua."

Nilijua hivyo tangu utoto, wakati wa Zaïre. Dada yangu mudogo Nsimire alipokufa, papa yetu alipanda mumea kama ule juu ya kaburi, chini ya muti wa avoka. Hatukuwa na musalaba, alama ilikuwa ule mumea tu. Mimi nilifikiri wamemupanda ili aote, basi kila siku nilimwaga maji.

Mangaribi moja maman alikuta majani imekuwa manjano, udongo unanuka kuoza.

"Ni wewe unamwaga maji hapa?"

"Ndiyo, maman. Nsimire anakawia kutoka."

Hakunipiga. Alikaa mu matope na pagne yake safi ya kitenge, akashika shina, likangʼoka bila nguvu.

Mvua ikasawazisha pale, na ule muti wa avoka hauko tena. Leo nimenunua ile parcelle nzima, kiwanja penye tulimuzika, na sijui Nsimire analala upande gani.